Aliyefagia Nyayo Zake

Kaeni vizuri, wapendwa, niwapeleke jangwani kidogo.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyependa kupiga picha za mawe. Ndiyo, mawe! Wenzake wanapiga harusi, yeye mawe. Akasikia kuna nchi kame, makorongo matupu, ambako mvua na upepo vimechonga miamba hata mingine imesimama kama uyoga, mingine imetoboka katikati kama dirisha. Akamchukua mkewe, wakaenda. Yeye akabeba kamera, mkewe akabeba maji. Akina baba, mbona mnaangalia chini?

Walipoanza kushuka korongoni, goti la mama likaanza kuuma.

"Baba Tumsifu, wewe tangulia," akasema. "Mimi nitakuja polepole, nafuata nyayo zako."

"Haya, mama. Kwenye mchanga huu huwezi kupotea," akajibu, akaongeza mwendo auwahi mwanga wa asubuhi.

Akaupita mwamba wa kwanza, akageuka aupige kutoka upande wenye mwanga. Akachungulia kwenye kamera. Ah! Alama za viatu vyake zimekatiza mchanga wote, picha imeharibika. Mnadhani alifanya nini? Alivunja tawi la kichaka kikavu, akafagia. Akafagia mpaka mchanga ukawa kama haujakanyagwa tangu Mungu auumbe, kisha akarudi kwenye kamera yake kwa kurukia mawe ya pembeni. Kila mwamba hivyo hivyo: anapita, anafagia, anapiga. Na alifurahi, jamani, furaha ya kweli kabisa.

Jua likapanda. Koo likamkauka, akakumbuka maji, na maji anayo mkewe. Akageuka, mke hayupo. Akaita, makorongo yakamrudishia sauti yake kutoka kila upande. Basi nirudi nilikotoka, akajiambia. Alikotoka ni wapi? Akawasha kamera aangalie alikopita. Wapendwa, picha zilikuwa nzuri mno, na hakuna hata moja iliyomwonyesha njia. Hapo hofu ikamshika. Akamfikiria mama wa watoto wake na goti lile, kwenye jua lile, akalia machozi.

Alizunguka sana. Mwishowe akaona kitenge kinapepea kwenye ncha ya fimbo, nyuma ya miamba. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kivuli chembamba, goti limevimba, viganja vimechubuka kwa kuanguka. Nusu ya maji alikuwa amemtunzia mumewe.

"Nyayo zako zilikatika ghafla katikati ya mchanga," akasema. "Nikadhani umenyakuliwa, ukaniacha."

"Nisamehe, Mama Tumsifu. Nilizifuta mwenyewe. Nilitaka picha ionekane kama hakuna mtu aliyewahi kupita hapa."

Mama akamtazama, wala hakupandisha sauti. "Na mimi niliyekuwa nyuma yako?"

Wapendwa, sisi tungemjibu nini?

Maana sisi nasi ni mafundi wa kufagia. Tukisimama hapa mbele kushuhudia, tunaonyesha picha tu: ndoa nzuri, biashara imekaa sawa, Bwana ametenda. Pale tulipoteleza tumepitisha tawi. Binti aliyeolewa juzi anakuja kwako analia, nawe unamwambia, "Mimi na baba yako hatujawahi kununiana hata siku moja." Hata siku moja, mama? Majirani wako wamo humu ndani, usinifanye niwaulize.

Halafu tunashangaa kwa nini vijana wetu wamepotea! Wamepotea kwa sababu walitupenda, wakatufuata, wakafika mahali nyayo zetu zimekatika. Sisemi tujisifie dhambi. Nasema Mungu alikutoa shimoni, na wewe umeificha njia aliyokutolea, ili uonekane msafi.

Baba uliyekaa pale, kijana wako anahangaika na pombe. Anakuona na suti yako, na Biblia yako, anaona aibu hata kukusalimia. Hajui kwamba na wewe uliwahi kuokotwa mtaroni. Mwite leo, mketi wawili, umwambie. Mwenzio anadhani hakuna mtu aliyewahi kupita hapo.