Chai ya Mwantumu

Ganda halina kinywa, aseme aliyelichemsha. Ndivyo alivyowaambia Mzee Ngoda leo, alipowakuta mmelizunguka bomba la maji lililokatwa kwa jembe, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mkacheka, mkidhani mzee amechanganya mambo ya shamba na ya jikoni. Sasa mnauliza ganda gani hilo, na nani aliyelichemsha. Basi sogeeni. Asili ya methali hii ni chai, na aliyeipika aliishi hukuhuku kwetu Kwembago, upande wa mlimani, miaka ile mashamba ya machungwa yalipoanza kupigwa dawa.

Mwanamke huyo aliitwa Mwantumu. Alikuwa mjane, na alikuwa na binti mmoja tu, Saumu. Watu walimjua kwa mambo mawili: usafi wa uwanja wake na chai yake. Aliyepita kwake jioni alisikia harufu akiwa bado njiani, akapunguza mwendo hata kama hakuwa na shida naye. Chai hiyo ilikuwa ya rangi ya asali, na ilishuka kooni ikiacha ubaridi kidogo na ukali kidogo. Akiulizwa ni majani gani, Mwantumu alicheka na kusema, "Ya shambani tu, mwenzangu. Kunywa."

Kumbe hayakuwa majani. Yalikuwa maganda. Chungwa likiliwa, limau likikamuliwa, nanasi likimenywa, Mwantumu aliyaokota maganda yake, akayaosha kwa maji ya chumvi, akayakata vipande vyembamba na kuyaanika kwenye ungo mpaka yakauke na kukatika kwa mlio. Aliyatia kwenye kopo lenye mfuniko. Siku ya kupika alichota kiganja kimoja, akachemsha pamoja na mchaichai, tangawizi iliyopondwa na kipande cha mdalasini. Alifundishwa hivyo na mama yake, na hakuona ubaya wowote. Lakini hakuthubutu kulisema, maana kwa watu wa Kwembago ganda lilikuwa chakula cha mbuzi. Nani angekubali kuambiwa kwamba miaka yote amekuwa akinyweshwa cha mbuzi?

Ikaja siku ya wageni. Saumu alikuwa amepata mchumba wa kijiji cha pili, na wazee wa kijana walituma habari kwamba wanakuja kuzungumza mambo ya ndoa. Walikuja watatu. Bibi yake kijana, Bi Mamkiwa, mwanamke mzee wa maneno machache. Ami yake, Mzee Shemndolwa, ambaye alikuwa na maneno mengi. Na dada yake, Hidaya, aliyekuwa na mimba kubwa na hakutaka kuachwa nyumbani. Walikuwa wametanguliza na salamu: "Mwambieni tumesikia sifa za chai yake."

Salamu hiyo ndiyo iliyomnyima Mwantumu usingizi. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na alipofungua kopo lake alikuta maganda yote yameota ukungu. Akayamwaga. Asubuhi ya siku yenyewe akawa anazunguka jikoni, anashika hiki anaacha kile. Akasikia hodi. Alikuwa mke wa shemeji yake Kiondo, ameleta kikapu cha machungwa kwa ajili ya wageni. Mwantumu nusura amkumbatie. Saumu akamenya machungwa na kuyapanga kwenye sinia. Mama yake akayachukua maganda mabichi, akayasuuza haraka kwa maji ya bakuli, akayatia chunguni. Hakuwa na wakati wa maji ya chumvi, wala hapakuwa na jua la kuanikia.

Wageni walifika, wakakaribishwa, wakasalimiana kwa kirefu. Chai ikamiminwa. Bi Mamkiwa akanywa funda moja, akafumba macho. Mzee Shemndolwa akasema kwamba hata mjini hajakutana na chai kama ile. Hidaya alikuwa anakunywa tu. Mwantumu akahisi mabega yake yanashuka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Alikuwa amerudi jikoni kuchukua sukari aliposikia anaitwa kwa nyuma, kwa sauti ya chini. Alikuwa Kiondo, ndugu wa marehemu mumewe, amesimama mlangoni na matope miguuni.

"Shemeji, kile kikapu alicholeta mke wangu, mmekigusa?"

"Tumeshamenya. Kwani vipi?"

"Machungwa yale aliyachuma kwenye miti ya bondeni bila kuniuliza. Miti ile niliipiga dawa jana jioni, na niliikoroga kali, wadudu wamenishinda. Waambie wageni wanawe vizuri wakishika hayo machungwa, au uyaondoe kabisa. Lakini zaidi nimekuja kwa ajili ya maganda. Chimba shimo uyafukie. Usimpe mbuzi."

"Mbuzi akila atakuwaje?"

"Wa jirani yangu alilamba majani tu. Alitokwa povu, akatetemeka." Kiondo akatazama chini. "Hatukumuwahi."

Mwantumu akasema, "Nimesikia." Kiondo akaondoka akiamini ujumbe umefika, Mwantumu akabaki amesimama na kibakuli cha sukari mkononi. Pembeni mwake chungu kilikuwa bado kinatoa mvuke. Ndani yake maganda yalikuwa yamelala chini, laini, rangi yote imeyatoka na kuingia kwenye maji.

Alirudi sebuleni, akaliondoa sinia la machungwa kama mtu anayetayarisha nafasi, akaketi. Mzee Shemndolwa alikuwa anaeleza namna harusi za kwao zinavyofanywa. Mwantumu aliona midomo yake inacheza lakini hakusikia neno. Macho yake yalikuwa kwenye vikombe. Cha Mzee Shemndolwa kilikuwa nusu. Cha Bi Mamkiwa kilikuwa hakijapungua sana. Cha Hidaya kilikuwa kitupu.

Akaanza kujadiliana na nafsi yake. Si maji yamechemka? Moto unaua kila kitu. Si nimeyasuuza? Tena Kiondo ni mwoga tangu utotoni, anaogopa hata kivuli. Mbuzi ni mbuzi, mtu ni mtu. Nikisema, nitakuwa nimejitia aibu ya maganda na aibu ya sumu kwa pamoja, na mwanangu atakosa mume kwa jambo ambalo labda halipo. Nikinyamaza, watakunywa, watashukuru, wataondoka. Nani atajua?

Hidaya akajifuta jasho la uso kwa upande wa kanga. Joto tu, Mwantumu akajiambia. Mwenye mimba huona joto. Hidaya akameza mate, kisha akameza tena.

"Mama," akasema kwa haya, "naomba nyingine, kama ipo."

"Imekwisha," Mwantumu akajibu upesi mno, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Haijaisha, mama, ipo tele," akasema Saumu kutoka mlangoni. Alikuwa ameshajaza birika tena, naye alitaka wakwe wamwone hodari. Akapiga magoti mbele ya Hidaya, akainamisha birika.

Mwantumu hakukumbuka kuinuka. Alichokumbuka ni kwamba mkono wake ulilipiga birika likaruka, na chai ikatapakaa mkekani.

Saumu alimtazama mama yake. Hakuelewa kilichotokea, lakini aliona uso ule, na kama mtoto anayempenda mama yake akawahi kumsitiri. "Samahanini," akawaambia wageni. "Mkono umeniteleza. Ni kosa langu."

Mlango ukawa umefunguliwa, wajukuu zangu. Mwantumu angeweza kupita hapo akatoka salama. Angesema, "Mtoto huyu naye!" wote wangecheka, mkeka ungefutwa. Bi Mamkiwa alikuwa ameshaanza kutabasamu. Na Hidaya alikuwa anameza mate.

"Hapana," akasema Mwantumu. "Mkono wangu ndio uliolipiga. Msinywe tena. Chai hii si ya majani, ni ya maganda ya machungwa. Mimi ndiye niliyeyachemsha. Sasa hivi shemeji yangu amekuja kunieleza kuwa miti yake ilipigwa dawa jana, dawa kali. Sikujua wakati nawamiminia. Lakini nimejua tangu nilipokaa hapa, na nilikuwa nimenyamaza."

Mzee Shemndolwa alikiweka kikombe chini kana kwamba kimemuunguza. "Maganda? Umetuita kwako kutunywesha takataka? Tena zenye sumu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na unasema hivyohivyo, ndiyo?"

"Shemndolwa," akasema Bi Mamkiwa, "ugomvi haukimbii, tutaukuta. Mama, dawa yenyewe inaitwaje?"

"Silijui jina lake. Shemeji ana kopo lake."

"Kopo hilo lije. Na gari litafutwe."

Saumu alitoka mbio akimwita ami yake Kiondo. Gari lililopatikana lilikuwa la kubebea machungwa, na wote walipanda nyuma, hata Mzee Shemndolwa, ambaye hakutaka Mwantumu akae karibu na Hidaya. Lakini njia ilikuwa mbaya, na Hidaya alipoanza kutapika, aliyekuwa karibu wa kumshika kichwa alikuwa Mwantumu. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma. Mikono yake ilitetemeka kwa namna ambayo si ya baridi. Mwantumu alimfuta kwa kanga yake, akasoma kila dua aliyoijua. Naye pia alikuwa ameionja ile chai, na tumbo lilikuwa limeanza kumsokota, lakini hilo hakulisema, kwa kuwa hakuliona kuwa na uzito.

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, kijana mwembamba. Kabla hajauliza, Bi Mamkiwa alimwambia, "Huyu amekunywa sumu ya kupigia machungwa." Kiondo akamkabidhi lile kopo. Tabibu alisoma maandishi ya ubavuni, uso wake ukabadilika, akaita muuguzi na kumwambia alete sindano. Mlango ukafungwa.

Wakabaki kwenye benchi la nje. Wengine walipimwa na kupewa dawa, wakaambiwa wasiondoke. Mzee Shemndolwa alikuwa anatembea huku na huku. Kiondo alikuwa ameshika kichwa. Saumu alilia kimyakimya, na kila muuguzi alipopita Mwantumu alimtazama usoni kutafuta habari, akaona uso mtupu wa mtu mwenye kazi. Alimfikiria Hidaya. Alimfikiria yule aliyemo tumboni, ambaye hakuomba chai ya mtu. Akafikiria muda aliokaa sebuleni akibishana na nafsi yake, jinsi ulivyokuwa mfupi, na jinsi ungeweza kuwa mrefu zaidi.

Jua lilikuwa limeinama tabibu alipotoka. "Anapumua vizuri," akasema. "Na mtoto anacheza. Tutamlaza hapa tumwangalie." Kisha akawatazama kwa zamu. "Nani aliyejua kuwa ni sumu?"

Mwantumu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mngemleta mkaniambia anatapika tu," akasema tabibu, "ningesema ni ile mimba, au homa. Ningempa vidonge nikamrudisha nyumbani. Huko nyumbani asingeamka."

Sasa msifikiri mambo yaliishia hapo kwa furaha. Mzee Shemndolwa alitangaza kwamba posa imekufa, na alikuwa na watu waliomuunga mkono. Habari za maganda zilienea Kwembago yote. Waliokuwa wakipunguza mwendo mbele ya nyumba ya Mwantumu sasa waliharakisha, na wanawake wengine walisema walijua tangu zamani kwamba chai ile ina jambo. Kwa muda mrefu hakuwasha moto wa chai. Saumu hakumlaumu mama yake hata siku moja, na kutolaumiwa huko kulimuuma zaidi.

Kisha Hidaya alijifungua salama, mtoto wa kike. Ilipokwisha arubaini, Bi Mamkiwa alikuja Kwembago peke yake, akibisha hodi kwa fimbo. Mwantumu alimkaribisha, akamwandalia maji ya kunywa.

"Sikuja kunywa maji," akasema Bi Mamkiwa. "Nimekuja kuuliza jambo. Siku ile binti yako alikupa njia. Alisema mkono umemteleza. Mimi mwenyewe nilikwisha kuamini. Kwa nini hukuishika?"

Mwantumu akayaweka maji pembeni. "Niliishika, bibi. Nilikuwa nimekwisha kuishika moyoni. Kisha nikamtazama Hidaya, nikaona hajui. Ninyi nyote hamkujua. Kiondo alijua habari za dawa lakini hakujua habari za chai. Ninyi mliijua ladha ya chai lakini hamkujua habari za maganda wala za dawa. Mambo yote mawili yalikuwa kwangu tu. Nikasema, nikinyamaza mimi, ni nani mwingine anayeweza kusema? Chungu? Maganda?"

Bi Mamkiwa alitikisa kichwa taratibu. Kwao walikuwa wamebishana kwa siku nyingi kama inafaa kuoa katika nyumba ya Mwantumu au haifai, na alikuwa amechoka kusikiliza. Akaegemeza fimbo ukutani, akavua viatu, akaketi vizuri mkekani kama mtu asiyekusudia kuondoka upesi.

"Nitawaambia wanangu kosa lako lilikuwa moja," akasema. "Uliwaficha watu kilichomo kikombeni mwao. Usilirudie. Ukipika, sema ni ganda gani, la mti gani. Asiyetaka asinywe. Na Shemndolwa nitamwambia kwamba nyumba ya kuoa ni ile ambayo mtu akikosea nitajua kabla mjukuu wangu hajazikwa."

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mzee Shemndolwa alihudhuria, akala wali, akakataa chai, na mpaka anafariki hakuinywa tena chai ya nyumba ile. Hiyo ilikuwa haki yake. Lakini neno alilolisema Bi Mamkiwa alasiri ile alipokuja peke yake na fimbo yake, kabla hajaomba jiko liwashwe apikiwe chai, Saumu alilisikia akiwa mlangoni. Yeye ndiye aliyelileta mpaka kwetu, likapokewa na wenye mashamba na wenye nyumba, likafika kwa Mzee Ngoda, naye leo amewaambia ninyi:

Ganda halina kinywa, aseme aliyelichemsha.