Panzi wa Ludmila

Reli ni chuma chembamba. Ukiitazama kwa haraka utadhani haiwezi kubeba hata mkokoteni wa punda, lakini garimoshi zima hupita juu yake, pamoja na mabehewa na abiria waliolala fofofo. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndege moja ndogo iliyoundwa ndani ya ghala la nyasi huko Iowa, mwaka 1931.

Aliyeiunda ni Emil Kratky, fundi wa matrekta. Injini aliyoipata ilikuwa na nusu tu ya nguvu za injini za wenzake wa mashindano ya ndege, hivyo akaamua kupunguza kila kitu kingine. Alimketisha mkewe, Ludmila, juu ya gunia la unga kando ya ukuta, akamchora kwa chaki tangu kisogoni hadi nyayoni, kisha akaijenga ndege kulingana na mchoro ule, kama mshonaji akatavyo gauni. Mabawa yakawa mafupi na membamba. Emil mwenyewe, mpenda maandazi, hakuweza kuingiza hata mabega.

"Basi rubani ni wewe, mke wangu."

"Kwani ulidhani nani?" alijibu Ludmila, aliyekuwa akirusha ndege tangu kabla hajamzaa mtoto wao, ambaye bado alikuwa akinyonya.

Mzee Vaclav, baba yake Ludmila na mwenye ghala, alikuja akaizunguka mara mbili.

"Hii ndege au panzi?"

"Ndege, baba."

"Panzi hunilia ngano, na huyu ananilia ghala! Sikilizeni, wanangu. Mwezi wa tisa nyasi zinaingia humu. Mkirudi bila kombe, mnaifungua vipandevipande, na Emil anarudi kwenye matrekta moja kwa moja. Sina ghala la kufugia wadudu."

Ludmila akachukua brashi, akaandika PANZI ubavuni mwa ndege. "Ahsante kwa jina, baba."

Siku ya mashindano, huko Ohio, uwanja ulifurika watu. Kapteni Pruitt, bingwa wa miaka miwili, alikiinamia kindege kile akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bibie, kiberiti hiki kina injini, au unapiga mbawa kwa mikono?"

"Kina injini, Kapteni. Ndogo tu, ndiyo maana siendi njia ndefu."

Walitakiwa kuzunguka minara mitatu mara kumi. Ambaye angepita upande wa ndani wa mnara bila kuuzunguka angelazimika kurudi auzunguke upya.

Bendera iliposhuka, Pruitt alichomoka kama mshale. Kwenye njia iliyonyooka alimwacha Ludmila mbali. Lakini kila alipofika mnarani, ndege yake nzito ilitanua kona kama lori lililojaa mawe, huku Panzi akiuambaa mnara karibu sana, hata waamuzi waliokaa juu wakashika kofia zao. Alichonyang'anywa kwenye mnyooko, alikirudisha kwenye kona.

"Uambae mnara, mama! Uambae!" Emil alipiga kelele penye uzio, mtoto begani.

Mzunguko wa tisa walikuwa bega kwa bega. Jasho lilimtiririka Ludmila, na maziwa yakamlowesha shati, maana saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita. Hakulegeza mkono. Kwenye mnara wa mwisho wa mzunguko wa kumi Pruitt, kwa kiherehere, akajaribu kukata kona kama yeye. Ndege yake haikukubali. Akapita upande wa ndani wa mnara, na bendera nyekundu ikapanda. Alipokuwa akirudi kuuzunguka, Ludmila alikuwa ameshavuka mstari.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Ludmila alitua, akaruka chini, akalipita kombe bila kulitazama.

"Nipeni mwanangu kwanza!"

Mzee Vaclav, aliyekuja kwa treni bila kumwambia mtu, alijipenyeza kati ya watu, kofia mkononi, macho yamelowa.

"Baba, na nyasi je?" Ludmila alimtania, mtoto akinyonya.

"Nitazilundika nje. Zikinyeshewa, zinyeshewe! Emil, mkwe wangu, unaunda nyingine lini?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyekicheka tena kindege kile, kwani watu waliona kwa macho yao: wembamba wa reli, garimoshi hupita.