Hondohondo Aliyemkandikia Mkewe Mlango

Paukwa.

Pakawa.

Pakakauka.

Pakanyesha.

Na palipoungua?

Pakaota.

Haya, mmeitika vizuri, isipokuwa mmoja huko nyuma aliyeitika huku anatafuna. Meza kwanza, ndipo tuende.

Hapo zamani, zamani za kale, palikuwa na nchi ya nyika iliyotawaliwa na mabwana watatu. Bwana wa kwanza Jua, bwana wa pili Moto, bwana wa tatu Tufani. Jua lilikaanga. Moto ukaja kula kilichokaangwa. Tufani ikaja kuosha vyombo, na ilipoosha ilivunja. Wanyama wa nchi ile hawakuwa na pa kuhamia. Walikaa hivyo hivyo, kama mtu anavyokaa na mume mkali, kwa kuzijua saa zake.

Kwa hiyo walikuwa na desturi. Nyasi zikianza kugeuka rangi, kila mwenye mayai au watoto juu ya mti alifyekewa na majirani. Ngiri na ukoo wake walifukua kwa meno yao, Swala wakala kilichobaki, mpaka mti ukasimama katikati ya duara la udongo mtupu. Moto ukija, ukikuta hakuna cha kula, hupita kando unanung'unika. Hakuna aliyedai ahsante. Mwaka huu kwako, mwakani kwangu.

Hondohondo nao wana desturi yao wenyewe. Mnamjua hondohondo, yule ndege mwenye mdomo kama kata ya kuchotea maji. Mke akitaka kutaga, huingia kwenye tundu la mti. Mume huleta udongo, mke huziba mlango kwa ndani, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani hutaga, hunyonyoka mbawa, huatamia, hulea. Mume yuko nje na kazi yake moja, kuleta chakula na kukipitisha ufani. Mbawa zikisha kuota tena, mke huubomoa mlango na kutoka. Haimpi taabu. Udongo ameuziba mwenyewe, anajua ulipo mgumu na ulipo mlegevu.

Basi, palikuwa na Hondohondo mmoja aliyempenda mkewe. Alimpenda mpaka majirani wakachoka. Akienda kutafuta tini, hakuweza kupita miti miwili bila kugeuka na kuita:

"Upo, mke wangu, upo?"

Na mke hujibu kutoka mbali:

"Nipo, mume wangu, nipo."

Mti wa tatu, anaita tena. Ndege wengine walikuwa wakishiba mapema. Yeye alishiba jioni, kwa kuwa nusu ya siku aliitumia kumuuliza mtu aliyefungiwa ndani kama yupo.

Mwaka mmoja mke akaingia tunduni, kwenye mninga mkubwa, akaziba mlango wake. Siku ya pili Kunguru akatua kwenye tawi. Kunguru hana shughuli, na asiye na shughuli hujua za wenzake. Akamwambia Hondohondo kwamba ng'ambo ya mto kuna mke wa mtu alibomoa mlango kabla ya wakati, akaondoka, na mume hadi leo anapeleka tini kwenye tundu tupu. Akasema hataji jina, na hasemi kitu, anapita tu.

Akaruka zake. Lakini Hondohondo tini zilimshinda kumeza.

Siku hiyo akaleta udongo wa mtoni, akakandika juu ya mlango kwa nje. Mke akasikia akauliza ni nini. Mume akasema anazuia nyoka.

Siku iliyofuata akaleta udongo wa kichuguu, ule ambao hata jembe huruka juu yake. Akakandika tena. Mke akasema giza limezidi. Mume akasema anazuia upepo.

Siku ya tatu akauchanganya udongo wa kichuguu na utomvu wa mti, akakandika mara ya tatu, akaulainisha mpaka ukang'aa. Mke hakuuliza tena. Alisema tu, "Mume wangu, mlango huu sasa ni wako. Si wangu."

Yeye akasikia kama sifa.

Nyasi zikageuka rangi. Ngiri akaja na ukoo wake kufyeka, kama kila mwaka. Akapaza sauti kwa furaha akimwamkia mwenye nyumba, "Shemeji, hujambo huko ndani?"

Neno hilo shemeji likamwingia Hondohondo kama mwiba wa samaki. Akashuka, akatanua mabawa.

"Shemeji, shemeji, ndiko kunakoanzia. Mke wangu halei watoto ili madume wamzunguke chini na meno nje."

Ngiri akamtazama. Ngiri ana sura mbaya, mnajua, na hakuna aliyewahi kumwonea wivu tangu azaliwe. Akawageukia wanawe akawaambia, "Leo baba yenu amekuwa kijana mzuri. Twendeni." Wakaondoka wanacheka, mikia juu. Nyasi zikabaki, ndefu, zimeuzunguka mninga mpaka kwenye shina.

Mvua za vuli zikasubiriwa. Hazikuja. Jua likakaa katikati ya mbingu kama mgeni aliyesahau kwao. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa wa moto. Tini zikakauka mtini zingali changa. Hondohondo akawa anaruka asubuhi nzima kupata tunda moja, akirudi analigawana na mkewe na kifaranga chao kilichoanguliwa, kupitia ule ufa.

Siku za kutoka zikatimia. Mbawa za mke zimeota, mtoto amekua, tundu limekuwa dogo. Mke akagonga mlango wake kwa mdomo. Udongo wake ukavunjika vizuri, kama zamani. Nyuma yake akakutana na udongo wa mumewe. Akagonga. Akagonga mpaka jioni.

"Mume wangu, fungua."

Mume akagonga kwa nje mpaka ncha ya mdomo ikapasuka. Jua lilikuwa limeufanya ule mkandiko kuwa jiwe. Mke akamwambia pale panataka maji. Udongo ukilowa utalegea.

Akaenda mtoni. Akamkuta Tembo amechimba kisima mchangani, amekisimamia. Akaomba. Tembo akamruhusu achote mdomo mmoja, akamwonya, "Usiseme njiani. Maji na maneno havikai mdomo mmoja."

Akaruka na maji yake. Alipokaribia, mke akasikia mabawa, akaita kwa ile sauti:

"Upo, mume wangu, upo?"

Naye hakuwahi kuitwa na mkewe akanyamaza. Akajibu, "Nipo, mke wangu, nipo." Maji yakamwagika chini.

Akarudi. Tembo akampa tena. Akaruka njia nzima amefumba mdomo, akikaza macho.

"Upo, mume wangu, upo?"

"Nipo."

Yakamwagika.

Mara ya tatu akaapa moyoni. Akafika. Mke akaita, naye kimya. Mke akaita tena, naye kimya. Mke akaita mara ya tatu, polepole, kama mtu anayeuliza gizani, naye kimya, maji yakimtikisika mdomoni. Akayamimina juu ya mlango. Yakalia chwii, yakapanda mvuke, yakaisha. Mlango haukubadilika hata rangi.

Ndipo akasema, "Nipo, mke wangu. Nilikuwepo."

Ndani hakukuwa na jibu. Tangu siku hiyo mke hakumwita tena wala kumjibu. Chakula alipokea, mdomo ulitoka ufani, ukachukua, ukaingia. Mume aliruka mpaka mti wa pili, akageuka, akasubiri. Mti wa tatu, akasubiri. Nyika nzima ikawa na sauti za kila kitu isipokuwa ile moja.

Sasa sikilizeni. Moto ukaja.

Ulianzia mbali, wenye kuwinda walichoma nyasi wakati ambao hata mtoto anajua nyasi hazichomwi. Upepo ukaubeba. Hondohondo aliona moshi, akaona mninga wake umesimama katikati ya nyasi kama kuku katikati ya majani ya mgomba anayesubiri kufungwa aokwe. Akaruka kwa Ngiri. Hakutafuta maneno mazuri, hayakuwepo. Akamwambia amekosa, na moto unakuja.

Ngiri akainuka hapo hapo na ukoo wake wote. Walipopita chini yake akasema, "Sikuja kwako. Nimekuja kwa shemeji."

Wakafukua. Vumbi na moshi vikachanganyika. Wakafukua mpaka meno yakatoka damu, lakini kazi ya siku saba haifanywi kwa muda wa kupika uji. Duara likawa jembamba. Moto ukafika, ukasimama ukingoni, ukanyoosha ulimi ukalilamba shina la mninga upande mmoja, ukala mizizi, ukapanda ukaubusu mlango. Mke ndani akamfunika mtoto kwa mwili wake, akageuzia uso kwenye kina cha tundu. Kisha moto ukachoka, ukapita.

Mume akatua kwenye tawi jeusi. Akaita. Hakujibiwa, lakini akasikia mtoto anakohoa, akajua wako hai.

Mlango ulikuwa umegeuka mwekundu.

Siku tatu baadaye mbingu zikajaa. Tufani ikaja na radi, mvua ya mawe, na upepo wa kung'oa mapaa. Hondohondo alisimama wazi akinyeshewa, akifurahi kama mjinga. Alisema moyoni, leo maji yamekuja yenyewe, leo udongo utalegea. Ikanyesha mpaka mto ukaamka. Kulipokucha akaugonga mlango. Ukalia ngo, ngo, kama chungu. Nao mninga ulikuwa umeinama, mizizi ya upande ulioungua imeachia.

Akaruka mpaka kijijini kwa mfinyanzi mmoja, mwanamke aitwaye Sikudhani. Alimkuta anaokota vigae, mvua ya mawe imemvunjia vyungu vyote vya msimu. Akamweleza kisa chake chote, maana siku hizo watu na ndege walisikilizana.

Sikudhani hakumwonea huruma. Akasema, "Udongo ukishaonja moto hausikii tena maji. Hata ukiulilia."

Hondohondo akauliza basi unasikia nini.

Akaokota bakuli zima, lililopona. Akaligeuza kifudifudi, akaligonga mgongoni kwa mwiko. Halikuvunjika. Akaligeuza tena, akagonga kwa ndani, pale pale kwenye tumbo. Likapasuka vipande viwili.

"Umeona. Kwa nje chombo kina nguvu, kwa ndani hakina. Na chungu kilichookwa huvunjika upesi kuliko udongo uliokauka. Mwambie mkeo agonge katikati, asichoke. Wewe kaa mbali."

Hondohondo akarudi. Njiani akaona majani mapya yanachomoza kwenye majivu. Mikuyu ina tini tena. Mto una maji. Akatua kwenye tawi karibu na ufa, akatia tunda, mdomo ukatoka ukalichukua. Na hapo wazo baya likamjia, nanyi msijifanye halingewajia. Kwamba akinyamaza, mke atabaki. Atamlisha kila siku. Hatamwita, sawa, lakini atabaki. Na akisema, atatoka, na akitoka atakwenda, maana mtu anayenyamaza namna ile amekwisha kwenda, imebaki miguu tu.

Akakaa na wazo hilo. Upande wa mashariki mawingu yakaanza kupandana tena. Mninga ukalia kwenye mzizi wake wa mwisho.

Akasogeza mdomo ufani.

"Mke wangu, gonga katikati. Sasa utavunjika. Gonga, usichoke, mti unaanguka."

Akaruka akaenda mti wa pili, kama alivyoambiwa.

Mke akagonga mara ya kwanza, mlango ukalia. Akagonga mara ya pili, ukapata ufa mrefu. Akagonga mara ya tatu, ukadondoka vipande chini. Akatoka kwanza mtoto, kisha yeye, mchafu wa masizi, macho hayajazoea mwanga. Wakaruka. Upepo ukafika, mninga ukalala chini na tundu lake.

Mke akatua tawi moja na mumewe.

"Nyoka hakuja," alimwambia. "Upepo uliingia. Ulikuwa unamzuia nani?"

Mke hakusubiri jibu. Akamchukua mwanawe, akavuka mto.

Yule mtoto alikuwa jike. Alipoolewa, mumewe alipoleta udongo, alimwambia auweke pale ukingoni na asogee. Akaziba mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa ndani. Hata leo hondohondo jike hamruhusu dume kugusa mlango. Dume huleta udongo, hutazama, huondoka. Ndivyo wanavyokaa, na wanakaa vizuri.

Na yule mzee, baba wa mtoto, mawingu yakianza kupandana, hutua juu ya mti mkavu akaita. Huita mara moja, hutega sikio kuelekea ng'ambo ya mto, huita tena. Watu wakimsikia husema hondohondo anaita mvua, huchukua majembe yao. Watu hawajui kitu. Haiti mvua. Mvua huja yenyewe.

Funzo ni hili. Ukiishi kwenye nchi ya moto, wakaribishe majirani nyasi zingali za kijani, hata wenye sura mbaya. Na umpendaye mjengee mlango unaofunguka kwa mkono wake. Usiofunguka kwa ndani si mlango, ni kaburi lenye dirisha.

Ngano yangu nimeitua hapo chini. Mwenye mgongo aibebe, aliyechoka ailalie.