Punje Arobaini na Tatu

Njia panda zikizidi kumi, hata mwenyeji huuliza.

Mmeisikia leo mara ya kwanza, mkacheka, mkadhani ni methali ya wasafiri na wapagazi wa zamani. Sivyo. Ni methali changa, haijaota hata mvi, na walioizaa walikuwa waandishi wa programu kama nyinyi mnaozunguka kwenye viti vyenu hapo, ila viti vyao wao havikuzunguka. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Miaka ile, mtu akisema kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, watu walimletea redio zilizokufa azifufue. Ambakisye Mwakifuna aliletewa nyingi, na nyingine alizitengeneza kweli, maana hakujua kumwambia mtu hapana. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, kwenye barabara inayoteremka kwenda bonde la mpunga. Harufu ya mbegu na dawa za wadudu ilipanda ngazi hadi mezani, printa ilikoroma kama trekta bovu, na ilipofika saa nne mama wa dukani alipandisha chai ya tangawizi na vitumbua bila kuagizwa. Ofisi ile haipo tena, leo pale wanauza simu. Lakini waliopitia pale wakikutana, vitumbua vile ndivyo huzungumzwa kwanza.

Kazi kubwa ya Ambakisye ilikuwa ya ushirika wa maji wa Mtomoro. Kule bondeni kulikuwa na mifereji miwili, wa juu na wa chini, na wakulima mia tatu na ushee. Zamani zamu za maji zilipangwa kwa kelele, na mwaka mmoja watu wawili waliumizana kwa majembe kwenye geti la mfereji. Ambakisye akawaandikia programu. Kila alfajiri ilitoa orodha ya watakaopata maji siku ile, na wakulima wakaapa kwamba geti halitafunguliwa kwa mtu ambaye jina lake halimo, hata awe mwenyekiti. Kiapo kile kilileta amani. Ambakisye akishuka bondeni alikaribishwa kila nyumba, akarudi mjini amekula wali mara tatu.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana lilikuwa kosa la mtu mwema. Ndani ya programu ile kulikuwa na kifungu kimoja, alikiita pangaZamu, ndicho kilichoamua nani apate maji. Mwanzoni kilikuwa na mistari kumi na miwili tu. Lakini kila mkulima aliyepanda zile ngazi na shida yake, Ambakisye alimsikiliza, akampa chai, kisha akaongeza sharti moja, "kama" moja. Kama mvua imenyesha jana, mruke. Kama ni kitalu cha miche, mtangulize. Kama ng'ombe wamebomoa tuta, msogeze mbele siku mbili. Tena kule kulikuwa na desturi kwamba mtu akifiwa hashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe. Zamu yake hupewa jirani, na matanga yakishaanuliwa hurudishiwa kabla ya wengine wote. Desturi hiyo nayo ikaingia, "kama" ndani ya "kama" ndani ya "kama", hadi maandishi yakasukumwa kwenye ukingo wa skrini.

Aliyeliona jambo hilo mapema ni Sekela, dada mmoja aliyeajiriwa mwaka huo. Alikuwa mpole wa sauti lakini jicho lake halikukosa kitu.

"Kaka Amba," alimwambia siku moja, "hiki kifungu kimekuwa kirefu mno. Tukigawe."

"Ni kirefu kwako wewe mgeni," alijibu Ambakisye. "Mimi humo naingia nimefumba macho."

Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe. Sekela akarudi mezani kwake, kazi ikaendelea.

Jumatatu moja Bi. Lugano alipanda ngazi, mama wa makamo kutoka mfereji wa chini. Alikuwa amemzika mumewe. Matanga yalikuwa yameanuliwa siku tisa nyuma, na kwa siku zote tisa jina lake halikutokea kwenye orodha. Ambakisye alimwamkia, akamvutia benchi. Yule mama akafungua pindo la kanga, akatoa shada la miche ya mpunga ambayo ncha zake zilikuwa zimeshaungua.

"Hiki ndicho kitalu changu, mwanangu," alisema. "Ikipita Ijumaa bila maji, sina cha kupandikiza mwaka huu. Mbegu nyingine sina, na mwenzangu ndiyo hivyo tena. Nimekwenda kwa mwenyekiti, ameniambia nisimtake avunje kiapo, nije kwako."

Ambakisye aliona aibu, maana mume wa Bi. Lugano alikuwa amewahi kumpikia samaki kwa mikono yake. "Rudi nyumbani, mama," alisema. "Kesho jina lako litatoka."

Akafanya alichozoea kufanya, akaongeza "kama" moja. Jumanne alfajiri orodha ikatoka, Bi. Lugano hayumo. Mchana akaongeza nyingine. Jumatano orodha ikatoka, Bi. Lugano hayumo, na safari hii majina ya watu watano wa mfereji wa juu yalikuwa yamefutika pia. Kwa mara ya kwanza tangu kiapo, watu walipigiana kelele getini.

Asubuhi hiyo hiyo Bi. Lugano alipanda ngazi tena. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu vilivyojaa tope kavu, akasema hataondoka mpaka aone kinachofanyika. Ambakisye alikuwa mbele ya skrini tangu kulipopambazuka, akipandisha maandishi na kuyashusha, akipandisha na kuyashusha. Chai ilipoa na vitumbua havikuguswa. Mwishowe aligeuka.

"Sekela, hebu nisaidie. Hapa tuko ndani ya 'kama' ipi?"

Sekela alisogea kwenye skrini akaanza kusoma. Aliyesema ni Bi. Lugano.

"Mwanangu, hiyo programu aliiandika nani?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na unamuuliza dada huyu njia." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyeona kitu kigeni na kukitafutia jina. "Basi kumbe hata mwenyeji huuliza."

Ambakisye aliinamisha kichwa. Alikuwa ameandika programu miaka minane, na maneno yale yalimwingia kuliko matusi yote ya getini.

Sekela akashuka dukani, akarudi na bakuli la maharage mabichi ya kuazima. Akachapa kifungu kizima, karatasi zikatandazwa sakafuni kutoka mlangoni hadi dirishani, akamweleza Bi. Lugano namna ya kuhesabu. "Tunaanza na punje moja, mama, kwa sababu hata njia isiyo na panda ni njia. Halafu kila ninapokuambia hapa programu inachagua, iende huku au kule, unaweka punje."

Sekela akasoma, Bi. Lugano akaweka. Kila "kama" punje moja. Kila "au" iliyounganisha masharti mawili, punje moja. Kila mahali palipozungushwa orodha ya mashamba, punje moja. Ambakisye alisimama pembeni na mikono nyuma kama mkwe ugenini. Walipomaliza, Bi. Lugano alizikusanya akazihesabu mwenyewe, mara mbili. Zilikuwa arobaini na tatu.

"Na halali ni ngapi?" aliuliza.

"Kumi," Sekela alisema. "Waliotutangulia kwenye kazi hii waliona zikizidi hapo, kichwa cha mtu hakizishiki tena."

Wakaanza kukata. Kwanza walitoa mambo ya msiba, wakayatenga yawe kifungu chao peke yao chenye jina lao. Zilikuwa punje sita tu. Sekela akakisoma kwa sauti, taratibu, kwa maneno ya kawaida. "Kama shamba ni la aliyefiwa, mpe jirani zamu. Kama matanga yameanuliwa, na kama shamba liko mfereji wa juu, mrudishie zamu yake."

"Rudia hapo," alisema Bi. Lugano.

Sekela akarudia.

"Mfereji unahusu nini na msiba? Sisi wa chini hatufiwi?"

Hapo Ambakisye akakumbuka. Mtu wa kwanza kuomba sharti la matanga alikuwa mzee wa mfereji wa juu. Alikuja siku ambayo Ambakisye alikuwa akitengeneza mambo ya mfereji huo, naye kwa kumhurumia akaliandika pale pale mkono ulipokuwa. Zamu za kila aliyefiwa zilichukuliwa, lakini za watu wa juu tu ndizo zilizorudishwa. Miaka mitatu sharti lile lilikaa humo, na yeye alipita juu yake kila wiki bila kuliona.

Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kibodi, afute yale maneno ya mfereji amalize. Sekela akamzuia.

"Kaka, Jumatatu na Jumanne tulifanya hivyo hivyo. Tulitia mkono gizani."

Akaurudisha mkono. Nawaambieni, katika hadithi nzima hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu miche ilikuwa inakauka na mwenye miche alikuwa amekaa pale.

Alhamisi yote wakagawa. Mambo ya mvua yakapata kifungu chake, vitalu chao, matuta yaliyobomoka chao. Masharti yaliyorudiwa mara tatu yakawa moja. Kwenye kila kifungu waliweka kikombe chenye punje zake, na kilichozidi kumi kilirudishwa kukatwa. Mwisho vilikuwa vifungu tisa, kikubwa chao punje nane. Hapo ndipo Ambakisye alipofuta yale maneno ya mfereji, pamoja na zile "kama" mbili alizoongeza wiki ile. Kisha wakatoa kabatini orodha za miezi miwili iliyopita, wakailazimisha programu ipange upya siku zile zile, wakalinganisha jina kwa jina. Zote zililingana isipokuwa pale watu walipodhulumiwa. Na aliyedhulumiwa hakuwa Bi. Lugano peke yake. Walipatikana wafiwa wengine wawili wa mfereji wa chini ambao hawakurudishiwa zamu zao wala hawakuuliza. Walidhani kompyuta ndivyo ilivyo.

Ijumaa alfajiri jina la Bi. Lugano lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na Ambakisye aliipeleka mwenyewe. Geti likafunguliwa. Maji yakaingia kitaluni polepole, yakiinua vumbi na majani makavu, na Bi. Lugano alitembea kando yake akiangalia yanapofika. Nusu ya miche ilikuwa bado ina kijani chini. Nusu nyingine aliishika, ikakatika mkononi.

"Nusu imekwenda," alisema.

"Nisamehe, mama. Sekela aliniambia mapema."

"Nimekusamehe. Ila nikuambie. Kila aliyepanda ngazi zako ulimkubalia. Ungemwambia mmoja wetu asubiri kwanza utengeneze mahali pa kumweka, mimi nisingesubiri siku kumi na tatu."

Ambakisye alirudi mjini siku hiyo bila kula kwa mtu yeyote.

Jumapili ushirika uliitisha mkutano. Watu walitaka kujua kwa nini orodha iliwasaliti, na wapo waliosema turudi kwenye kelele zetu, kelele angalau unamjua anayezipiga. Ambakisye alisimama mbele ya watu mia tatu. Alikuwa ameandaa maelezo ya vifungu na masharti, akayaacha mfukoni. Alisema aliijenga programu kwa nia njema, akaitia njia panda moja kwa kila rafiki, zikafika arobaini na tatu, na siku Bi. Lugano alipohitaji maji, yeye mwenye nyumba hakuujua mlango. Akamtaja Bi. Lugano kuwa ndiye aliyesema neno lenyewe, na Sekela kuwa ndiye aliyejua idadi, kisha akayaunganisha maneno yao wote wawili palepale. Ndiyo mara ya kwanza methali hii kusemwa nzima.

Nyuma kabisa alikuwa amesimama mzee mmoja wa mfereji wa juu, kikaratasi mkononi, amekuja na ombi kwamba siku za kuogesha bata wake nazo ziingizwe kwenye programu. Alikiangalia kile kikaratasi, akakikunja, akakitia mfukoni na kukaa. Watu wakacheka, na hakuna tena aliyetaja kurudi kwenye kelele.

Ambakisye ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nani siku hizi angewachapia karatasi kutoka mlangoni hadi dirishani? Nyinyi kompyuta inawahesabia kabla hamjanyanyua kidole, inawaandikia kumi na nne, ishirini na moja, nanyi mnaifumbia macho mwende mkanywe soda. Pale juu ya duka la mbegu namba ile ilikuwa na sauti. Ilidondoka sakafuni punje moja moja kutoka mkono wa mama aliyekuwa akipoteza shamba, na kila iliyodondoka Ambakisye aliisikia. Haikuwa hesabu ya kupamba kazi. Ilikuwa hesabu ya siku kumi na tatu za kiu. Kwa hiyo mkimwona mwenzenu anapandisha maandishi na kuyashusha ndani ya kazi aliyoiandika mwenyewe, msimcheke. Mvutieni kiti, mumkumbushe: njia panda zikizidi kumi, hata mwenyeji huuliza.