Nafasi Moja ya Udaktari Ughaibuni

Sogeeni. Leo sisimulii kwa upole, na atakayeona nafoka anisamehe, maana kisa hiki kila nikikitaja damu inanichemka.

Katika zahanati ya Itulili, kijiji cha milimani, walifanya kazi watu watatu. Atuganile, muuguzi, alijaliwa macho: ugonjwa aliuona mlangoni kabla mgonjwa hajasema shikamoo. Ambakisye, tabibu, alijaliwa masikio: akiweka kile kifaa chake cha mbao juu ya tumbo la mjamzito, alisikia ambayo wengine hawayasikii. Subilaga, mkunga, alijaliwa mikono, na kina mama walimwamini kuliko mama zao. Wote watatu waliota kuwa madaktari. Wote waliomba vyuo vya nyumbani wakaambiwa nafasi zimejaa.

Siku moja ya kliniki akaja Twimwise, mjamzito, akitembea kwa miguu yake na kucheka na wenzake. Akakaa mwisho wa foleni. Atuganile akaiona pete iliyozama kwenye kidole kilichovimba, na jinsi mama yule alivyokwepa mwanga wa dirisha. Akamtoa kwenye foleni, watu wakanung'unika. Presha ilikuwa juu mno. Akamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Angechelewa kidogo, Twimwise angeanguka pale pale kwenye benchi.

Uchungu ukaanza. Gari la wagonjwa likaitwa, likakwama matopeni. Atuganile na Subilaga wakasema, "Tungoje, litafika." Ambakisye akainama, akasikiliza. "Moyo wa mtoto unapungua kasi," akasema. "Tukisubiri gari tutazika. Azalie hapa." Wangesubiri, mtoto angefia tumboni.

Kichwa kikatoka, bega likanasa. Subilaga hakupiga kelele. Aliikunja miguu ya mama hadi kifuani, akaingiza mkono, akalizungusha lile bega taratibu. Mtoto akatoka kimya, amebadilika rangi, naye akamsugua mpaka akalia. Mkono mwingine ungevuta tu, na mtoto angefia njiani.

Mama mzima, mtoto mzima. Yangeishia hapo, leo ningekuwa nacheka.

Baada ya wiki mbili akaja kaka yake Twimwise, Daktari Mwaipopo, anayefundisha chuo cha udaktari ughaibuni. Akawakuta wote watatu wamekusanyika mbele ya benchi la wagonjwa.

"Nimewaletea shukrani," akasema. "Nina nafasi moja ya masomo chuoni kwetu, miaka sita, bila ada. Nimeangalia kitabu cha uzazi. Palipoandikwa 'aliyezalisha' pana jina la Subilaga."

Moja! Kwa watu watatu! Hiyo ni shukrani au ni kuchonganisha? Kitabu kina mstari mmoja wa jina, na msomi mzima akauamini mstari.

"Aliyezalisha?" Atuganile akawaka. "Mimi nisingemwona, ungemzalisha nani, maiti? Na huko utaweza wewe, Subi? Mwaka mzima unajifunza lugha yao tu. Baridi inakula mifupa. Ukirudi, baraza la madaktari linakukalisha mtihani upya kabla hujamgusa mgonjwa. Wangapi wameufeli, shahada zao zimelala kabatini?"

"Kama ni kubaya hivyo, mbona unakutaka?" Subilaga akamrudishia.

"Mimi nitaweza!"

"Huko kuna vifaa ambavyo hapa hatutaviona hadi tunastaafu," Ambakisye akadakia. "Kuna walimu wa kutosha. Aende anayejua kuusikiliza mwili. Nyie wawili mtaipoteza bure hiyo nafasi."

"Jina ni langu," akasema Subilaga. "Nanyi andikeni kitabu chenu."

Mwawaona? Akienda mwenzako, ughaibuni ni jehanamu. Ukienda wewe, ni pepo. Watu waliokula sahani moja miaka saba wakatukanana mbele ya wagonjwa, na mimi siwasamehe hata mmoja.

Ndipo akasimama Sekela, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, ambaye alikwisha kuzika watoto wawili.

"Mnagombania nani aende. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mwezi ujao najifungua, hapa hapa. Haya, semeni: nife kwa kumkosa nani?"

Daktari Mwaipopo akatazama saa yake, akasema anataka jina moja kabla hajaondoka kesho asubuhi, la sivyo nafasi atapewa mtu wa kijiji kingine.

Akienda mmoja, huenda baada ya miaka sita Itulili ikapata daktari wake. Huenda pia asirudi, maana wangapi wamekwenda na hatujawaona tena? Asipokwenda yeyote, Sekela anao wote watatu, lakini watatu wasiosemeshana.

Je, wewe ungeamua vipi? Aende mwenye macho, mwenye masikio au mwenye mikono? Au wamrudishie mgeni nafasi yake? Usinijibu mimi. Mjibu Sekela, tena umtazame usoni.