Nani Atanilinda Nikila?

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mlionyimwa uji? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kwenye pori la miiba, waliishi Digidigi na mumewe. Desturi yao ilikuwa moja. Mke akila, mume analinda upande wa pili wa kichaka. Mume akila, mke analinda. Nya-nya-nya, majani yanatafunwa, kisha wanabadilishana.

Siku moja Chui akaja. Chupu! Akamchukua mume. Basi.

Digidigi akabaki. Kila akiinamisha kichwa ale, anasikia kimya upande wa pili wa kichaka. Anainuka haraka. "Nani atanilinda nikila?" Asubuhi asile, jioni asile, mbavu zikaanza kuonekana. Alimtamani mumewe, jamani! Alitamani hata ule mwito wake wa puani, zik-zik, zik-zik.

Wakaja waganga wawili wa huzuni. Kobe akasema, "Mwanangu, nisimulie habari za mumeo. Uchungu ukisemwa hupungua."

Nungunungu akatikisa miiba, chaka-chaka! "Maneno hayashibishi! Ainame leo kidogo, kesho zaidi, woga utaisha."

"Dawa ni yangu!"

"Ni yangu!"

Wakabishana, chaka-chaka, mpaka nyuma ya kichuguu. Jua likageuka, bado wanabishana. Na mgonjwa je? Yuko peke yake. Ninyi mnacheka, mwenzenu anakufa njaa.

Digidigi akajikokota kuwafuata. "Mzee Kobe, yule Pimbi aliyefiwa na mama, ulimponyaje?"

"Nilimwuliza habari za mama yake. Aliponyamaza, nilimngoja."

"Nawe, Mzee Nungunungu, ulimponyaje Kanga?"

"Nilimpeleka pale anapopaogopa. Alipokataa kusogea, nilimngoja."

Digidigi akalia. "Na mimi ananingoja nani?"

Miiba ya Nungunungu ililala.

"Chagua, bibi," akasema Kobe kwa aibu.

"Nakuchagua wewe, mzee. Nina mengi ya kusema. Nungunungu naye angenifaa vilevile."

Nungunungu akaguna, akaenda zake kwa Ngiri, ambaye naye alikuwa na huzuni yake.

Kobe akaketi upande wa pili wa kichaka, palepale aliposimama mume. Digidigi akasimulia. Akalia, Kobe akangoja. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Siku moja, katikati ya maneno, bila kujijua, akainama. Nya-nya-nya. Akala!

Alipona? Alinenepa, akaishi. Lakini majani ya upande ule wa pili hakuyagusa kamwe. "Hayo ni ya mume wangu," alisema. Kila jioni aliyatazama, akaita polepole, zik-zik. Akangoja kidogo. Kisha akaendelea kula.

Wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: dawa za huzuni ni nyingi, na nyingi zinafaa. Mzungumzishe mwenye huzuni, au mtembeze, yote sawa. Ila msimwache peke yake huku mkigombania dawa.

Hadithi yangu imeishia hapo kichakani, na Digidigi nimemwacha anakula.