Marimba ya Pimbi na Usingizi wa Chui

Nigonge?

Gonga!

Nigonge taratibu au nigonge mpaka mruke?

Gonga mpaka turuke!

Basi sogeeni, ila msinisukume. Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo. Nilijibanza nyuma ya kichuguu, siafu wananitafuna miguu, na sikupepesa jicho hata mara moja. Atakayesema naongopa aniambie kwanza yeye siku hiyo alikuwa wapi.

Hapo kale na kale, kabla kale yenyewe haijaota mvi, palikuwa na Pimbi. Aliishi majabalini na mkewe na binti yao mdogo. Binti walimpa jina Tulia, kwa kumwombea tu, maana katika ukoo ule hakuna aliyewahi kutulia. Na Pimbi ndiye aliyezidi. Akila, mguu unagonga. Akiota jua, mguu unagonga. Akiongea na mama mkwe, mguu unagonga.

Siku moja Pimbi akapata jiwe linalolia. Msicheke, yapo mawe ukiyagonga yanalia kama kengele. Akaligonga huku: ngee! Akaligonga kule: ngii! Akamwita Tulia, wakagonga wote wawili, ngee-ngii, ngee-ngii, tangu jua kuchomoza mpaka jua la utosi.

Kumbe chini ya jiwe kuna pango, na pangoni amelala Chui.

Chui akatoka mbio, akamkamata Tulia, akambana chini ya wayo wake.

"Nani kanivunjia usingizi?"

"Shikamoo, mzee," Pimbi akasema, mguu unagonga.

"Shikamoo yako kaa nayo! Nikifumba macho nasikia ngee-ngii. Usingizi umeufukuza wewe, utaurudisha wewe. Unipigie kitu nilale. Nakupa nafasi tatu. Ya tatu ikishindikana, mwanao ni kitafunwa. Pimbi, nirudishie usingizi wangu!"

"Unakuja, mzee, unakuja!"

Pimbi akakimbia nyumbani.

"Mwanangu yuko wapi?" mkewe akauliza.

"Yuko kwa mzee mmoja hivi."

"Mzee gani?"

"Ana madoamadoa."

Mama Tulia akaketi chini, puu! Alipomaliza kulia, akainuka. "Baba Tulia, wewe na mguu wako! Jiwe linafoka. Chonga marimba ya mti, mti unajua kubembeleza. Lakini vibao vikae juu ya moshi vikauke pole pole, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema Pimbi, na hakuwa amesikia neno lolote baada ya "marimba".

Akakata mti, unachuruzika maji. Akachonga vibao saa ile ile, akavipanga juu ya magogo mawili ya mgomba, akapiga mbele ya Chui. Puu. Puu. Puu. Kama mtu anakandika ukuta kwa udongo mbichi.

Chui macho yamekuwa kaa la moto. "Pimbi, nirudishie usingizi wangu!"

"Unakuja, mzee, unakuja!"

Mara ya pili akachonga vibao vingine, akavirushia motoni vikauke upesi. Nusu vikapasuka. Vilivyobaki vikalia, lakini Pimbi hakuridhika. Akakwangua kibao tumboni, sauti ikashuka mno. Akakwangua ncha, sauti ikapanda mno. Tumbo, ncha, tumbo, ncha, mpaka vibao vikawa vyembamba kama vijiti vya kuchokolea meno. Akaenda kupiga: ti-ti-ti-ti-ti!

Chui masikio yakamsimama. Mkia ukachapa vumbi. "Sasa hata kope zinaniwasha!"

"Baba," Tulia akalia chini ya wayo, "hata mimi kichwa kinaniuma!"

"Imebaki moja," Chui akasema, na akamlamba Tulia kisogo, kuonja tu. "Pimbi, nirudishie usingizi wangu!"

"Unakuja, mzee," Pimbi akasema. Safari hii mara moja tu.

Wakati huo hakuna aliyelala pori zima. Swala anasinzia kwa jicho moja. Kanga hatui chini. Chui asiye na usingizi anazunguka pango mchana na usiku, mtoto wa watu mdomoni, akitua anambana tena.

Nyumbani Mama Tulia akashusha vibao kutoka juu ya meko, vyeusi kwa moshi, vikavu. "Nilivichonga siku ile ile. Nakujua mimi." Akamwekea na vibuyu vya kufunga chini ya kila kibao. "Umebaki utando. Kila kibuyu nimekitoboa tundu. Liwambe kwa utando wa mayai ya buibui, uubandike kwa nta. Huo ndio unaoguna. Nenda kwa Bi Buibui, na umwombe, usimnyang'anye."

Pimbi akaenda mbio. "Bibi, naomba utando! Nina haraka!"

"Nakuona," Bi Buibui akasema. "Wanangu wamo ndani. Wakitoka, utando ni wako. Ila ukigonga chini nyuzi zinatetemeka, na wanangu wakiogopa hawatoki."

Pimbi akaketi. Mguu ukagonga. Watoto waliokuwa wanachungulia wakarudi ndani.

"Huo mguu unatafuta nini, mjukuu wangu?"

Akaushika kwa mikono. Ukamponyoka, ukagonga. Watoto wakarudi ndani tena.

Hapo Pimbi akaukalia mguu wake. Akaukalia mpaka ukafa ganzi. Moyo unamwambia kimbia, binti yako analiwa, naye amekaa. Watoto wa buibui wakatoka mmoja mmoja, wakapita juu ya pua yake, na Pimbi hakupiga chafya.

Akawamba vibuyu, akaja kwa Chui, akapiga. Vuuumzz. Vuuumzz. Kama nyuki wanarudi mzingani. Kichwa cha Chui kikainama. Macho yakafumba.

Lakini wayo bado umembana Tulia! Pimbi akiacha, Chui anafumbua jicho. Akiongeza mwendo, kucha zinakaza. Afanye nini?

Akapunguza. Akapiga kimoja, vuuumzz, akaacha kigune mpaka kiishe. Mguu unataka kujaza ule uwazi, unataka hasa! Akauzuia. Pumzi ya Chui ikangoja pamoja naye. Akapiga kingine. Akangoja zaidi. Ukucha mmoja ukalegea. Akapiga. Akangoja. Ukucha mwingine ukalegea. Tulia naye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakujitikisa. Akateleza taratibu kama tone la uji kwenye mwiko, mpaka akawa nje.

Pimbi akaweka chini fimbo ya kupigia. Chui anakoroma.

Familia ile ikahamia majabali mengine siku hiyo hiyo, na Mama Tulia ndiye aliyebeba marimba.

Funzo lake ni hili, mlishike. Muziki ni kupiga na pia ni kuacha. Asiyejua kuacha, mpe marimba ya namna yoyote, atakutolea kelele tu.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka anipishe nipite.

Ila pale niliposema Pimbi hakupiga chafya, pale nimetia chumvi mwenyewe. Alipiga, tena mbili. Bahati yake watoto walikuwa wameshatoka wote.